Kesi Nzuri ya Mtoto W

Kongamano la kuzuia dhuluma na utelekezaji wa watoto lilikuwa katika siku yake ya pili Kanini alipofika hotelini, na hakuwa amealikwa. Aliteremka kwenye lori la maziwa pale barabarani, akapangusa matope ya Endarasha kwenye nyasi za hoteli, kiatu kimoja baada ya kingine, kisha akaingia kuuliza kama Madam Beverlyne yuko ndani.

Alikuwa ndani. Maafisa wa watoto kutoka pande zote walikuwa ndani, pamoja na walimu wakuu, wahubiri, wahadhiri na watu wa mashirika. Walikuwa watu wanaopenda watoto; maneno hayo yalikuwa yameandikwa kwenye fulana zao. Kama kulikuwa na wiki ambayo mtu wa milimani angeweza kumtesa mtoto bila kusumbuliwa na yeyote, ilikuwa wiki hiyo.

Kanini ni mke wa mwalimu wa shule ya msingi. Yeye na mumewe ni Wakamba, waliletwa huko Endarasha, upande wa Kieni, na uhamisho, na wamekaa huko miaka ya kutosha kujua viazi vinavyoharibiwa na baridi na vinavyostahimili. Madam Beverlyne, afisa wa watoto wa upande huo, ndiye aliyemwomba awe mjitoleaji wa kulinda watoto. Kazi yenyewe haina mshahara wala mamlaka. Ni kuona na kusema. Siku ya Jumatatu alikuwa ameona, na leo Jumatano alikuwa bado anatafuta wa kumwambia.

Alichokiona ni mkono wa Watiri. Watiri ana miaka minane na analelewa na Mugo, kaka mkubwa wa babake, kwa sababu baba alikufa na mama yuko Uarabuni akifanya kazi za nyumba. Hakuwa ameonekana shuleni, kwa hivyo Kanini akapita huko bomani. Alimkuta akiwarushia kondoo majani kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umetiwa ndani ya mfuko wa plastiki wa mkate na kufungwa kwa uzi kwenye kifundo. Wageni wa kanisa walikuwa wamekuja, jogoo akachinjwa, na Watiri akatumwa kubeba sufuria ya maji ya moto ya kunyonyolea. Yalimmwagikia, au alimwagiwa. Hilo Kanini hakulijua na hakutaka kulikisia. Waliupaka mkono huo dawa ya meno, halafu unga. Sasa ulikuwa unanuka hata kabla mfuko haujafunguliwa.

Mugo hakumfukuza Kanini. Alimsikiliza akiwa ameegemea mlango wa zizi, kisha akamwambia kwa upole kwamba kila mtu ana boma lake, na kwamba Wagikuyu hawaaniki mambo ya nyumbani. Kama anapenda kuchunga watoto, akachunge wa kwao Ukambani, wako wengi na njaa pia iko. Kanini akaenda kituo cha polisi. Sajini Kioko, ambaye ni Mkamba mwenzake, alimwita dada na kumpa kiti. Alieleza kwamba mambo ya watoto ni ya ofisi ya watoto, naye hawezi kuingia boma la mzee wa kanisa akiongozwa na bibi ya mwalimu. Amlete Madam, au alete barua ya Madam, naye ataingia hata usiku. Kanini akaenda ofisi ya watoto. Mlangoni palikuwa na karatasi iliyosema kwamba maafisa wako Nyeri kwenye kongamano la kulinda watoto na watarudi Ijumaa. Akapiga simu. Iliita mpaka ikachoka.

Ndiyo maana alikuwa amesimama hapa mbele ya meza ya usajili, ambapo msichana mwenye kucha nzuri alimuuliza anamwakilisha nani.

Kanini akajibu kwamba hamwakilishi mtu, anamtafuta Madam Beverlyne.

"Hapa kila mtu anawakilisha, mama," msichana akasema. "Sasa nikuandike nini?"

Alitazama viatu vya Kanini akapata jibu mwenyewe. Mjumbe wa jamii aliyetarajiwa kutoka Tetu hakuwa amefika, na kadi yake ilikuwa bado mezani bila jina. Kanini akavishwa shingoni kadi iliyoandikwa JAMII, akapewa mkoba, kalamu na fulana, akaingizwa ukumbini. Kuhusu Madam, aliambiwa kwamba yuko meza kuu, na meza kuu haisogelewi kikao kikiendelea. Angoje chai.

Chai haikufika kwa wakati wake, kwa sababu hotuba zilikuwa hazijaisha. Kila msemaji alianza kwa kusema itifaki imezingatiwa, halafu akaizingatia upya kuanzia kwa mgeni wa heshima hadi kwa wenye hoteli. Mmoja alisema mtoto ni zawadi. Wa pili alisema mtoto ni rasilimali. Wa tatu alitaka kujua kama waliomtangulia wamefikiria tofauti iliyopo kati ya zawadi na rasilimali, na ikaonekana hawakuwa wamefikiria, na muda ukatengwa. Swali lolote ambalo halikuwa na mwenyewe liliandikwa kwenye karatasi kubwa ukutani iliyoitwa Maegesho. Huko lilikaa na wenzake kama magari yaliyoisha mafuta.

Mwezeshaji alikuwa Daktari Theuri. Alizaliwa Mukurweini, akasomea ng'ambo, na sasa huzunguka miji mingi akiwezesha. Si mtu mbaya. Ana sauti ya kubembeleza, na kila linapotajwa jambo la kuumiza huweka kiganja kifuani. Kwenye ratiba ya saa ile palikuwa pameandikwa "Sauti kutoka mashinani: kesi ya mfano", na sauti hiyo ndiyo ile iliyobaki Tetu. Daktari akaangaza ukumbini, akaona kadi ya JAMII, uso ukamng'aa. Maikrofoni ikafika mkononi mwa Kanini kabla hajajua kwa nini.

Alisimama. Hakuwa amewahi kusikia sauti yake ikitoka kwenye kuta.

"Jina yangu ni Kanini, natoka Endarasha. Niko na mtoto huko anaitwa Watiri—"

"Samahani, mama," Daktari akamkatiza kwa upole. "Jina hatulitaji. Tunalinda utu wake. Tutamwita Mtoto W. Endelea."

"Ameungua mkono na maji ya moto. Hiyo mkono imeanza kuoza. Mwenye boma amekataa aende hospitali, na polisi wanasema mpaka Madam. Nilikuwa nataka mtu wa kwenda na mimi."

Daktari Theuri aliweka kiganja kifuani na kukiacha hapo. Kisha akaomba makofi ya maua kwa Mama Jamii, na watu zaidi ya mia wakapiga makofi yao na kuyamwaga juu kwa vidole kama wanaorusha petali. Akauliza wajumbe kama wamesikia. Huyu mama hana takwimu, hana picha za ukutani, lakini kila kitu kimo: jeraha, mlezi, kizuizi cha utamaduni, taasisi zinazotupiana mpira. Alisema amezunguka nchi nyingi na ni nadra kupata kesi nzuri namna hii.

"Daktari, hii si mfano," Kanini akasema. "Huyo mtoto ako huko saa hii."

"Bila shaka, mama. Kesi zote nzuri hutoka kwa mambo ya kweli."

Watu wakacheka kwa wema, na maikrofoni ikachukuliwa. Kanini akatazama meza kuu. Madam Beverlyne alikuwa ameinua kichwa aliposikia Endarasha. Alimwona mjitoleaji wake amesimama mbele ya wakubwa, hatetemeki, anasema mambo kwa mpango, na akampungia mkono akitabasamu. Alijua ratiba inataka kesi ya mfano. Alifurahi kwamba imetoka kwake.

Wajumbe wakagawanywa katika vikundi kujadili kesi ya Mtoto W. Chai ikaletwa hukohuko kwenye vikundi, ili wakati usipotee. Kanini alijaribu kwenda meza kuu, lakini meza kuu ilikuwa imefungiwa chumba chake na chai yake. Mwenyekiti wa kikundi cha tatu, mhadhiri aitwaye Kagure, akamshika kiwiko.

"Mama, wewe ndiye mwenye kesi. Ukitoka tutamuuliza nani?"

Kikundi cha tatu kiliketi chini ya hema bustanini, ambako manyunyu ya mlima yalikuwa yanaingia kwa ubavu. Walianza kwa kichangamshi, kwa sababu Kagure aliwaona wamepoa: kila mtu ataje jina lake na mnyama anayeanza na herufi ya kwanza ya jina hilo. Kanini alisema kondoo. Baada ya hapo wakaingia kwenye kazi, na lazima isemwe kwamba walifanya kazi kweli. Hakuna aliyesinzia.

Swali la kwanza lilikuwa kama Mtoto W amedhulumiwa au ametelekezwa. Kagure alieleza kwamba kama maji yalimwagika yenyewe, huo ni utelekezaji, maana mtoto hakupaswa kubeba sufuria ya moto. Kama alimwagiwa, hiyo ni dhuluma. Mhubiri mmoja akauliza, na kukataa kumpeleka hospitali kutaitwaje. Kagure akasema hilo ni jambo la tatu, kunyimwa haki ya afya, na lisichanganywe na mengine. Steve, kijana mnene wa shirika fulani, alihisi kwamba yote matatu ni utelekezaji tu ukiyatazama kutoka juu. Ikabishaniwa. Kanini alipoulizwa kama maji yalimwagika au yalimwagwa, alisema hajui. Mhubiri akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu aliyeletewa hesabu iliyokosa namba moja.

"Anayejua ni mtoto," Kanini akasema. "Tukienda tutamuuliza."

"Hilo ni pendekezo," Kagure akasema. "Steve, andika: mtoto ashirikishwe."

Steve akaandika. Walichora mti wa matatizo, wenye mizizi na matawi. Kwenye mizizi waliweka umaskini, mama kwenda ng'ambo, utamaduni wa kuficha, na maandalizi hafifu ya jikoni. Kanini akawaambia tena kwamba mkono unanuka. Kagure alisema asante, hilo ni muhimu sana, na neno harufu likawekwa kwenye tawi la upande wa kushoto, chini ya dalili. Baadaye Steve aliuliza kama harufu si tokeo badala ya dalili, na tawi likafutwa.

Kanini hakuwakasirikia. Aliwatazama mmoja mmoja akijaribu kuona ni nani kati yao angekataa kusaidia mtoto mwenye mkono ulioungua kama angemkuta mlangoni kwake, na hakumwona. Wote wangemchukua. Wangempeleka hospitali kwa magari yao yaliyoegeshwa pale nyuma. Shida ni kwamba mtoto hakuwa amekuja mlangoni. Alikuwa amekuja kwenye kongamano, na huko kuna utaratibu wake.

Daktari Theuri alipita akikagua vikundi. Aliupenda mti. Akapendekeza kikundi cha tatu kisisome ripoti kama wengine, bali kifanye igizo, maana kina bahati ya kuwa na mwenye kesi. Kagure akagawa sehemu papo hapo. Mhubiri atakuwa mlezi katili. Steve atakuwa Mtoto W, na hapo walicheka mpaka wahudumu wa hoteli wakageuka. Afisa wa watoto atakuwa nani? Mhubiri akasema mbona mnahangaika ilhali maafisa halisi wapo, na Kagure akaenda kumchukua Madam Beverlyne kwenye chumba cha meza kuu.

"Na wewe mama ni jirani mwema anayetoa taarifa," akamwambia Kanini aliporudi. "Usiigize. Sema tu vile ulisema."

Kanini alikubali mara moja. Lilikuwa jambo la kwanza siku hiyo lililomwingia akilini vizuri: angesimamishwa mbele ya Madam, na hakuna mtu angemwambia angoje.

Igizo likafanywa baada ya chakula cha mchana, watu wakiwa wameshiba na wenye moyo wa kucheka. Steve aliketi sakafuni upande mmoja wa ukumbi, mkono wake umezungushiwa kitambaa cheupe cha mezani, akinyonya kidole kikubwa cha mkono wa pili. Watiri ana miaka minane na hanyonyi kidole, lakini Steve alionelea hivyo. Alilia kwa sauti ya mtoto mchanga. Mtu wa mstari wa nyuma akamwuliza kama na yeye alinyimwa chakula, maana haonekani hivyo, na ukumbi ukalipuka. Mhubiri alizunguka na fimbo akikoroma Kiswahili cha milimani, akibadilisha kila L kuwa R, na waliocheka zaidi ni wale ambao wenyewe husema hivyo wakiwa nyumbani.

Upande wa pili, Madam Beverlyne alikaa nyuma ya meza ndogo akijifanya anaandika. Kanini akapelekwa mbele yake.

"Madam, nimekutafuta tangu Jumatatu."

Kicheko. Mtu akasema ofisi haipatikani, na maafisa wenyewe wakapiga meza kwa furaha.

"Nimepatikana sasa," Beverlyne akasema, akiwaacha watu watulie kwanza. Alikuwa na kipawa. "Kuna nini, mama?"

"Kuna mtoto amechomeka mkono. Inaoza. Ako Endarasha kwa Mugo."

Beverlyne akasimama na kusukuma kiti nyuma.

"Basi hatuwezi kungoja hata dakika moja. Twende sasa hivi!"

Mpango ulikuwa watembee hatua chache mpaka alipoketi Steve, wamwinue, mhubiri apige magoti atubu, na wimbo uimbwe. Kanini akamshika Beverlyne kifundo cha mkono, akageuka upande wa pili, akaelekea mlangoni. Alitembea kama anayemtoa mbuzi kwenye shamba la watu, bila haraka na bila kulegeza. Wakapita kati ya meza. Watu walipiga makofi wakiwapisha, na kwenye maikrofoni Daktari Theuri alisikika akisema, oneni uhalisia huo, oneni.

Hawakusimama mpaka kwenye maegesho, ile sehemu ya magari. Beverlyne alikuwa anacheka akitafuta pumzi.

"Kanini, umewamaliza. Haya turudi, Steve anangoja kuokolewa."

"Huyo anaweza kungoja. Gari yako ni gani?"

Beverlyne akacheka tena kidogo, halafu akaacha. Kanini hakuwa amemwachilia mkono.

"Ni ya kweli?"

"Si nilisema na maikrofoni."

"Mimi nilidhani..."

"Kila mtu alidhani, Madam."

Beverlyne aliangalia ukumbi, akaangalia viatu vyake virefu, akaangalia gari la serikali lililokuwa limeegeshwa chini ya msonobari, dereva amelala ndani. Ikabidi aeleze mambo, na yote yalikuwa ya kweli. Kirasmi wiki hii hayuko kazini kwake, yuko kongamanoni. Gari limeruhusiwa kuzunguka Nyeri mjini peke yake. Mwaka mzima alikuwa ameomba mafuta ya kwenda kuwaona watoto akajibiwa hakuna. Mafuta yalikuja na kongamano, kwa hivyo ni mafuta ya kongamano. Na saa tisa yeye ndiye anayesoma maazimio. Akauliza kama Sajini Kioko hawezi kuanza, halafu yeye afuate Ijumaa asubuhi, mapema kabisa.

"Sajini anasema wewe, wewe unasema Sajini," Kanini akajibu. Sauti yake haikupanda. "Huyo mtoto ako na mikono mbili tu. Mkimaliza kutumana itabaki moja."

Beverlyne alitoka kwao Kakamega akiwa na cheti kipya na nia safi, akapewa eneo ambalo lori la maziwa hulizunguka kwa siku nzima, peke yake, na simu isiyo na kifurushi. Pengine alikuwa anayakumbuka hayo, pengine hakuwa anakumbuka lolote. Alienda akagonga kioo cha gari, akamwamsha dereva. Mkoba wake ulibaki ndani ukumbini. Hakurudi kuuchukua, na huenda hilo ndilo jambo la busara kuliko yote yaliyofanywa hotelini siku hiyo, maana angeingia tu, asingetoka.

Walikuwa wamekaribia Mweiga, njiani kwenda Endarasha, simu ya Beverlyne ilipoita. Daktari Theuri alitaka kumpa habari njema: kikundi cha tatu kimeshinda. Wanamngoja ukumbini kwa ajili ya picha.

"Bado hatujamaliza igizo, Daktari," Beverlyne akasema.

Daktari alicheka sana akamwambia wasiharakishe.

Mugo aliliona gari kutoka mbali na kulitambua kwa nambari yake. Lilipofika langoni, lango lilikuwa wazi na mwenye boma amevaa koti. Alimkaribisha Madam kwa mikono miwili. Alisema mbona wamechelewa hivi, mtoto anaumia, na yeye si mtu wa kukataa serikali. Kisha akamgeukia Kanini kwa upole uleule wa Jumatatu.

"Na wewe bibi ya mwalimu, si ungesema unaenda kuleta Madam? Tungeelewana. Mimi nilidhani ni maneno yako tu."

Beverlyne akauliza kwa nini hakumpeleka hospitali mwenyewe. Mugo alimtazama kama anayemhurumia kwa ujinga.

"Huko wanaandika, Madam. Wakishaandika, hata kama ni maji ilijimwagikia, wewe ni mhalifu mpaka ufe. Na mama yake asikie huko Uarabuni?"

Alikuwa amekwisha kumwita mkewe alete chai. Serikali haiwezi kufika bomani iondoke na koo kavu. Watu watasema nini. Beverlyne, kwa mazoea ya kazi, alikuwa tayari anainama kuketi kwenye kiti alichovutiwa, aliposikia mlango wa gari ukifungwa. Kanini alikuwa amemtoa Watiri jikoni, amemfunika leso, na wote wawili walikuwa ndani, wakitazama mbele. Harufu ikamfikia dereva, akateremsha vioo vyote licha ya baridi.

Langoni walikutana na Sajini Kioko akija mbio na vifungo vya koti vikiwa vimekosana. Akapiga saluti, akasema alikuwa karibu kuanzisha operesheni. Beverlyne akamwambia aandikishe taarifa ya Mugo leo hii, si kesho, na Sajini akaingia bomani kwa ujasiri mkubwa, ambako chai ilikuwa tayari imemiminwa.

Njiani Watiri hakulia. Aliuliza jambo moja tu, kama kondoo watapewa maji na nani.

Hospitalini Nyeri, daktari kijana aliufungua mfuko, akaita mwenzake, wakazungumza kwa sauti ya chini. Kisha akawatoa Kanini na Beverlyne nje kwenye ujia akawaambia moja kwa moja. Mkono utapona. Kidole cha mwisho hakitapona, kitaondolewa kesho asubuhi, na kile kinachokifuata wataangalia. Beverlyne akauliza ingekuwaje kama wangemleta Jumatatu. Daktari akasema Jumatatu ingekuwa dawa na bendeji, lakini Jumatatu imepita, na akarudi kwenye kazi yake.

Watiri alilazwa kitanda cha dirishani. Walikuwa wamemsafisha na kumfunga mkono wote mpaka kwenye kiwiko kwa bendeji nyeupe, na dawa ya maumivu ilikuwa imeanza kufanya kazi. Kanini akavuta kiti. Beverlyne alibaki amesimama upande wa miguuni, na simu ikaita tena. Ukumbini walikuwa wamemaliza maazimio bila yeye. Waliazimia kuunda kamati.

Safari hii alisema ukweli wote: kwamba Mtoto W yupo, kwamba wako naye hospitalini, kwamba atakatwa kidole. Kanini aliisikia sauti ya Daktari Theuri ikikatika. Huenda mwenye simu alikuwa ameweka kiganja kifuani kweli, pasipo mtu wa kumwona. Kisha sauti ikarudi, na ilikuwa na uchangamfu. Alisema hilo ni tokeo. Ameendesha makongamano mengi, na hajawahi kuona lenye tokeo kabla halijafungwa. Wafadhili watakuwepo kesho. Je, Madam anaweza kutuma picha? Si uso, hapana, lazima utu ulindwe. Mkono tu, ile bendeji.

Beverlyne alikata simu akakaa nayo mkononi. Uso wake ulikuwa wa mtu mzima anayeona haya.

"Kanini," akasema. "Wanataka picha. Ya mkono tu. Nikiwa na picha, hata mafuta... labda mwaka ujao hawataninyima."

Hakuwa anadanganya. Inawezekana kabisa wangempa. Aliinua simu polepole, akaielekeza kitandani, huku akimtazama Kanini na si mtoto.

Kanini hakuinuka wala hakumshutumu. Alivuta blanketi kidogo kwenye bega la Watiri.

"Mtoto amelala, Madam," akasema.

Watiri hakuwa amelala. Macho yake yalikuwa wazi, makubwa, yanazunguka kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Beverlyne aliyaona vizuri. Akateremsha simu na kuitia mfukoni.

"Kweli," akasema. "Amelala."

Watiri, aliyekuwa akiwasikiliza wote wawili, akafumba macho.